Machi ya bagipaipu kwenye banjo ya klohama: uchambuzi wa kisa kimoja, “Scotland the Brave”

Kisa chenyewe ni hiki. Mpigaji wa banjo ya nyuzi tano, aliyezoea nyimbo za milima ya Appalachia kwa mtindo wa klohama (ukucha unapiga uzi kwa kushuka, gumba linafuata), ana karatasi ya bagipaipu yenye machi, yaani wimbo wa gwaride, ya 4/4 (mapigo manne kwa kila kipimo), “Scotland the Brave”. Anapiga noti zote kama zilivyoandikwa, na kinachotoka si machi wala si klohama. Kuna noti mbili zenye huzuni isiyo na sababu. Vipimo vimejaa vinoti vidogo visivyopata pa kukaa. Mdundo wa kutembea umelainika mpaka umekuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwanzo hadi mwisho uzi mfupi wa 5 unalia juu ya kila kitu, na A ya juu, iliyo kilele cha wimbo, haisikiki kabisa.

Wapigaji wengi hukwama hapo na kulaumu vidole. Tatizo si vidole. Bagipaipu na banjo zina shida zinazopingana. Bagipaipu haiwezi kunyamaza: mfuko unasukuma hewa muda wote, kwa hiyo noti haina mwanzo wala mwisho wake, inabadilika tu kuwa nyingine. Aliyesikia zumari ya pwani, Lamu au Unguja, mpigaji akivuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kupuliza, anaijua sauti hiyo isiyokatika. Banjo ni kinyume chake. Kila noti inazaliwa kwa kishindo na kuanza kufa papo hapo. Mpiga bagipaipu anahangaika kuikata sauti, mpiga banjo anahangaika kuirefusha. Ukinakili mbinu za kukata ukazipeleka kwenye chombo ambacho tayari kinakata, unapata fujo. Karibu kila uamuzi katika kisa hiki unatokana na hilo.

Karatasi inavyopotosha

Huzuni ndiyo rahisi kuondoa. Muziki wa bagipaipu kubwa ya Uskoti kwa kawaida huandikwa bila alama zozote za kupandisha noti mwanzoni mwa mstari, kwa sababu bomba la vidole, yaani chanta, lina noti tisa tu na kila mpigaji anazijua: G ya chini, A ya chini, B, C#, D, E, F#, G ya juu na A ya juu. C na F zilizo kwenye karatasi ni C# na F#, hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Msomaji asiyejua anapiga C na F za kawaida, na wimbo wa A wenye furaha unageuka wa huzuni. Programu za kompyuta za kuandika muziki hufanya kosa hilohilo bila kulalamika. Dawa ni kuweka mwanzoni mwa mstari alama mbili za kupandisha, F# na C#, kabla ya kuandika hata noti moja ya tablacha (maandishi ya nyuzi na namba za freti). G zibaki za kawaida, ya chini na ya juu. Usizipandishe eti kwa kuwa wimbo uko katika A. G hiyo ya kawaida ndiyo inayozipa nyimbo za bagipaipu ladha yake, ingawa katika sehemu ya kwanza ya machi hii haina kazi kubwa.

Jambo la pili kuhusu karatasi: A iliyoandikwa siyo A inayosikika. Bagipaipu kubwa za siku hizi hulia A ya chini karibu na hezi 480, juu kidogo ya B-bapa ya piano. Kwa mpigaji anayepiga peke yake hilo halina uzito. Litarudi mwishoni, kwa anayetaka kupiga pamoja na bagipaipu.

Kuchagua tyuni

Chaguo linalokuja haraka kwa wapiga klohama ni dabo C, yaani nyuzi zikazwe gCGCD kuanzia uzi wa 5 hadi wa 1, kwa kuwa lina mvumo (sauti moja inayoendelea kulia) mzito chini. Hapa halifai. Ukiweka A ya chini ya bagipaipu kwenye uzi wa 4 mtupu, yaani usioshikwa na kidole, wimbo wote unaangukia nyuzi nene na unapoteza ung’avu wa chanta. Isitoshe, G ya chini haipatikani kabisa, kwa sababu chini ya uzi wa 4 hakuna kitu. Machi hii ingeweza kuvumilia hilo, lakini nyimbo nyingine nyingi za bagipaipu haziwezi, na hakuna faida ya kujifunza ramani ya vidole utakayoitupa kwa wimbo unaofuata.

Tyuni inayofaa ni G ya wazi, gDGBD, na kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 2 (freti ni nafasi za mpini zilizotengwa kwa waya). Nyuzi zinakuwa aEAC#E. Uzi wa 5 nao lazima upande kutoka g hadi a. Wenye pini ndogo za kubana uzi kwenye mpini huufunga kwenye freti ya 7. Wasio navyo wanapandisha kwa kigingi, polepole, na uzi wa inchi 0.009 au 0.010 huvumilia nusu toni hizo mbili (nusu toni moja ni freti moja) bila shida ukiwa bado mpya.

Kuanzia kapo, noti tisa za chanta zinakaa hivi:

G ya chini: uzi wa 4, freti 3
A ya chini: uzi wa 3 mtupu
B: uzi wa 3, freti 2
C#: uzi wa 2 mtupu
D: uzi wa 2, freti 1
E: uzi wa 1 mtupu, au uzi wa 2 freti 3
F#: uzi wa 1, freti 2
G ya juu: uzi wa 1, freti 3
A ya juu: uzi wa 1, freti 5, au uzi wa 5 mtupu

Noti zote tisa ziko ndani ya freti tano, na tatu kati yake, bila kuhesabu uzi wa 5, ni nyuzi tupu. Ni vigumu kuamini kwamba vyombo hivi havikukusudiwa kukutana. Banjo ilitoka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, na pigo lake la kushuka kwa ukucha lina ndugu yake hadi leo katika akonting ya Wajola wa Senegambia. Baadaye nyimbo za wahamiaji kutoka Uskoti na Ireland zilipita kwenye pigo hilohilo huko Appalachia.

Kuna kishawishi cha kuitafutia banjo mvumo wa chini kama wa bagipaipu, ambayo ina bomba mbili za mvumo zinazolia oktava moja chini ya A ya chini na moja kubwa inayolia oktava mbili chini. Watu hujaribu kuushusha uzi wa 4 kutoka E hadi A ya chini yake. Hizo ni nusu toni saba. Uzi wa 4 wa kawaida, wa inchi 0.020 hadi 0.023, unalegea, unagongagonga freti na hautoi noti inayoeleweka. Uache kwenye E.

Uzi wa 5 si mvumo wa bagipaipu

Hapa ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanapoharibu mambo. Husemwa kwamba banjo ina mvumo na bagipaipu ina mvumo, basi zinapatana. Lakini angalia mahali mivumo hiyo ilipo. Mvumo wa bagipaipu uko chini ya wimbo, kama sakafu. Uzi wa 5 wa banjo uko kwenye A ya juu kabisa, sauti ileile ya kilele cha chanta. Ukiupiga kila baada ya pigo, kama desturi ya klohama inavyotaka, sikio linausikia kama noti ya wimbo: wimbo unaruka kwenda A ya juu na kurudi, mara nne kwa kipimo. A ya juu ya kweli inapofika, haina jipya la kusema, kwa sababu imekuwa ikilia tangu mwanzo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: uzi wa 5 unapigwa kwenye noti ndefu tu, kwa wepesi, na kamwe si ndani ya kipimo ambacho wimbo wenyewe umefika A ya juu. Hapo una kazi nyingine, tutaiona.

Kanuni ya pili inahusu kufagia, lile pigo la ukucha kupita nyuzi kadhaa kwa pamoja. Katika aEAC#E kufagia nyuzi zote kunatoa kodi (noti kadhaa zikilia pamoja) ya A yenye C# ndani yake. Wimbo ukiwa kwenye B, C# tupu ya uzi wa 2 inaisugua B kwa ubaya. Mvumo wa bagipaipu ni A peke yake, hauna C# ya kugombana na mtu. Basi acha kufagia nyuzi za juu. Kinachofaa ni kufagia nyuzi mbili tu, wa 4 na wa 3: ukucha unateremka, unagusa E, unagusa A, unatua juu ya uzi wa 2 bila kuupiga. Unapata E na A, tupu, bila C#, na A ndiyo inayosikika mwisho. Tumia pale ambapo noti ya wimbo ni A ya chini. Kwenye noti nyingine, pigo la uzi mmoja linatosha, hata kama mkono uliozoea Appalachia utaona pengo.

Mdundo kabla ya mapambo

Machi hii inaandikwa kwa jozi zenye nukta: noti ndefu ya robo tatu za pigo, ikifuatwa na fupi ya robo moja. Gawa kila pigo katika robo nne. Ukucha unapiga robo ya 1. Chochote kitakachofuata, iwe gumba, kugonga kwa kidole cha kushoto au kufyatua uzi, kinaangukia robo ya 4.

Hilo ni rahisi kusema. Mkono wa klohama umejengwa kugawa pigo katikati, ukucha kisha gumba, nusu kwa nusu. Usipousimamia, machi inakuwa na noti zilizo sawasawa na uhai wake unaondoka. Njia ya kuusimamia ni kuweka metronomu kwenye 200, kila mlio ukiwa robo ya pigo (yaani mapigo 50 kwa dakika), na kuhesabu moja-mbili-tatu-NNE. Noti ya pili ya jozi inapokaa juu ya NNE bila kukimbilia TATU, shusha metronomu hadi 50, mlio mmoja kwa pigo, halafu panda polepole kuelekea 80, ambao ni mwendo wa kutembea wa machi kama hii. Kwa banjo peke yake 76 inapendeza zaidi: noti zinapata nafasi ya kulia kabla ya kufa.

Hata uzi wa 5 kwenye noti ndefu unaangukia robo ya 4. Ukiuweka katikati ya pigo, peke yake unatosha kuua mwendo.

Vipimo vinne vya kwanza

Kuna matoleo mengi ya machi hii na yanatofautiana kidogo. Linalofuata ni la kawaida.

Kipimo cha 1: A ndefu, kisha A–B, C#–A, C#–E.

Pigo la 1 ni A ya chini, kwa kufagia nyuzi za 4 na 3 kama ilivyoelezwa, na gumba kwenye uzi wa 5 robo ya 4, kwa wepesi. Pigo la 2, ukucha uzi wa 3 mtupu, halafu kidole cha kati cha kushoto kinagonga freti ya 2: hiyo ndiyo B, bila mkono wa kulia kufanya lolote. Pigo la 3, ukucha uzi wa 2 mtupu, gumba linashuka hadi uzi wa 3 mtupu. Huko ndiko kushusha gumba kwa kawaida, uzi ulio ndani ya ule uliopigwa na ukucha, na mkono unakubali.

Pigo la 4 ndipo wengi wanapojikwaa. C# iko uzi wa 2, E iko uzi wa 1. Gumba lingelazimika kuuruka uzi uliopigwa na ukucha na kwenda nje yake, jambo ambalo mkono wa klohama haulipendi kabisa, na kwa mapigo 80 linachelewa kila mara. Usiende uzi wa 1. Kaa uzi wa 2: ukucha upige mtupu, kisha kidole cha pete kigonge freti ya 3. Hiyo ni E ileile. Kigonge kwa nguvu, karibu kabisa na waya wa freti, la sivyo itasikika kama mguso tu.

Kipimo cha 2: A ya juu, A ya juu, A ya juu–E, C#–A.

Kilele kimefika. Mapigo mawili ya kwanza ni A ya juu, uzi wa 1 freti 5, ukucha peke yake. Bagipaipu ingeishikilia A hiyo kwa nguvu ileile mpaka mwisho, wakati banjo inaanza kuiachia baada ya robo ya pigo. Msaada upo, na hauhitaji kupigwa. Uzi wa 5 una sauti ileile ya freti ya 5 ya uzi wa 1. Ukiachwa huru, utatikisika wenyewe kwa mwangwi na kuongeza urefu wa noti. Uzi wa 3 nao unachangia, kwa kuwa A yake iko oktava chini.

Lakini uzi wa 5 hauwezi kutikisika ukiwa umeshikwa, na kwenye klohama hushikwa kila mara: ukucha unaposhuka, gumba linatua juu ya uzi wa 5 na kujitayarisha. Tabia hiyo ndiyo inayozima msaada. Kwenye mapigo haya mawili gumba litue juu ya uzi wa 2, kama linalojiandaa kushuka, halafu lisipige. Jaribu kwa njia zote mbili, A moja gumba likiwa kwenye uzi wa 5, A nyingine likiwa kwenye uzi wa 2. Tofauti inasikika hata kwenye banjo ya bei ndogo.

Sharti ni kwamba sauti mbili hizo ziwe sawa kwelikweli. Hezi 440 dhidi ya 442 zinatoa mawimbi mawili kwa sekunde, na noti inayumba badala ya kurefuka. Tyuni uzi wa 5 kwa kuulinganisha na freti ya 5 ya uzi wa 1, siyo kwa mashine peke yake, maana kapo huvuta nyuzi nne na kuuacha wa tano.

Pigo la 3: ukucha uzi wa 1 freti 5, kisha kidole kinafyatua uzi na kuuacha mtupu. Inatoka E, bila mkono wa kulia. Pigo la 4: ukucha uzi wa 2 mtupu, gumba uzi wa 3 mtupu.

Kipimo cha 3: D ndefu, F#–D, C# ndefu, E–C#.

Hiki kinakaa mkononi chenyewe. D ni kidole cha shahada uzi wa 2 freti 1. Kiache hapohapo, ongeza kidole cha kati uzi wa 1 freti 2, ukucha upige F# na gumba lishuke kwenye D. Ondoa vidole vyote: ukucha uzi wa 2 mtupu, kisha uzi wa 1 mtupu na gumba uzi wa 2. Uzi wa 5 unaruhusiwa kwenye D na kwenye C# ndefu. A juu ya D inatengeneza kodi ya D bila mtu kuipanga.

Kipimo cha 4 kinatua kwenye B, uzi wa 3 freti 2, na kurudi kupitia E. Noti za kurudi ndizo zinazotofautiana zaidi kati ya karatasi moja na nyingine, basi fuata yako. Juu ya B usifagie chochote. A ya uzi wa 5 juu ya B inakwaruza kidogo, na bagipaipu nayo hukwaruza hapohapo, kwa mvumo wake. Ukwaruzo huo ni wa wimbo, uache. Vipimo vya 5 na 6 ni marudio ya 1 na 2, na cha 8 kinafunga kwenye A ya chini.

Mapambo: yapi yabaki

Sasa vile vinoti vidogo. Karatasi ya bagipaipu imejaa noti-pambo, moja moja na kwa mafungu, kwa sababu ndizo zinazotenganisha noti mbili za sauti moja kwenye chombo kisichonyamaza. A mbili zinazofuatana bila noti-pambo kati yake ni A moja ndefu. Kwenye banjo ukucha umeshazitenganisha. Noti-pambo moja moja za G, D na E zote zifutwe. Ukizibakiza kama noti za kweli utapata vipimo vyenye mapigo matano.

Yanayostahili kubaki ni mafungu yenye uzito wa mdundo, na hata hayo si yote. Pambo la C# linakuwa, kwenye uzi wa 2, piga mtupu, gonga freti 1, fyatua: C#–D–C# kwa haraka. La E ni vilevile kwenye uzi wa 1 kwa freti ya 2. D ya mwanzo wa kipimo cha 3 katika karatasi nyingi ina pambo linaloanza na G ya chini na kupita D–C#–D. Iache G, maana uzi wa 4 uko mbali mno, na upige D–C#–D: freti 1, fyatua, gonga tena, vyote kwa pigo moja la ukucha. Pambo la B linataka kuruka hadi D, yaani freti 2 hadi 5 kwenye uzi wa 3. Mkono wa kawaida unachelewa. Gonga freti ya 4 badala yake, C#, au uliache.

Lipo pia pambo la A ya chini ambapo kidole kidogo kinaigusa G mara mbili kwa kasi. Kwenye banjo hakuna njia safi ya kulileta. Linalokaribia ni A tatu za haraka kwenye uzi wa 3, ukucha–gumba–ukucha, na linafaa mara moja tu, mwisho wa sehemu. Mafungu mazito ya G–D–G yawe mguso mkavu: kidole cha kushoto kikiwa kimelala juu ya nyuzi, ukucha unapiga na kutoka “tak” isiyo na noti. Wapiga klohama wanaujua mguso huo, na hapa unafanya kazi ileile ya kukata.

Jambo la mpangilio ambalo halionekani kwenye karatasi: kwenye bagipaipu pambo hutangulia noti na kuisukuma. Kwenye banjo noti iwe ya kwanza, chini ya ukucha, juu ya pigo, na pambo limwagike baada yake. Ukilitanguliza pambo, kila pigo lenye pambo linachelewa kwa kiasi tofauti, na anayetembea kwa mguu wako atakwaa.

Kwa mzunguko wa kwanza wa sehemu, mapambo mawili yanatosha: C# ya kipimo cha 1 na D ya kipimo cha 3. Mzunguko wa pili unaweza kubeba manne. Zaidi ya hapo sikio linaanza kusikia ufundi badala ya machi.

Yanayoharibika baada ya hapo

Mpigaji wa kisa hiki akifuata yote haya, yapo mawili yatakayombakia. Kwanza, E ya kugonga katika kipimo cha 1 itakuwa dhaifu kuliko C# iliyoitangulia. Mara nyingi kosa ni kimo cha nyuzi. Daraja refu mno huinua nyuzi mbali na freti, na kapo iliyokazwa kupita kiasi huvuta noti juu. Legeza kapo mpaka uzi uanze kukereza, kisha kaza kidogo tu. Pili, banjo nyingi za klohama hujazwa kitambaa au sponji nyuma ya ngozi ili kukausha sauti. Kwa wimbo unaotegemea mwangwi wa uzi wa 5, kitambaa hicho kinafanya kazi dhidi yako. Kipunguze kwa nusu, au kitoe.

C# nayo inataka neno. Chanta hutyuniwa dhidi ya mvumo wake, na C# yake iko chini ya ya piano kwa senti 14, senti 100 zikiwa nusu toni moja. Ndiyo maana inasikika tamu. Ukishusha uzi wa 2 kwa senti zote 14, D ya freti 1 na E ya freti 3 zinashuka nazo, na hizo hazitakiwi kushuka. Senti 5 hadi 7 ni suluhu nzuri: C# inapata utamu wake na hakuna atakayelalamikia D.

Kupiga pamoja na mpiga bagipaipu

Pamoja na bagipaipu kubwa, ndani ya chumba, banjo haitasikika. Hakuna tyuni ya kutibu hilo. Nje, umbali wa hatua kadhaa, inawezekana kwa shida. Kapo iende freti ya 3, uzi wa 5 upande nusu toni nyingine, kisha kila uzi upande kwa karibu senti 50 ili kufikia hezi 480. Usifanye hivyo mapema. Sauti ya chanta hupanda inapopata joto, kwa hiyo msubiri mpigaji apige kwa dakika kadhaa, aseme yuko tayari, ndipo utyuni uzi wa 3 kwa A yake ya chini na nyuzi nyingine kwa uzi wa 3.

Mwenzi wa kweli wa banjo ni bagipaipu ndogo ya Uskoti, inayopulizwa kwa mivukuto ya kiwiko na kutengenezwa pia kwa A ya 440. Kapo inabaki freti ya 2, ramani ya vidole haibadiliki, na vyombo viwili vinasikika kwa usawa mezani. Hapo uzi wa 5 unaweza kunyamaza karibu wimbo mzima, kwa kuwa mvumo upo tayari na uko mahali pake, chini. Banjo ibebe jozi zenye nukta na A za juu.

Kwa nyimbo za bagipaipu zilizojengwa juu ya D badala ya A, badilisha tyuni iwe aDADE. A ya chini inabaki uzi wa 3 mtupu, C# inahamia freti ya 4 ya uzi huohuo, D inakuwa uzi wa 2 mtupu, na kuanzia E kwenda juu hakuna kinachobadilika. G ya chini iko uzi wa 4 freti 5. Uzi huo wa 4 ukiwa mtupu ni D, oktava chini ya D ya wimbo, na hapo kufagia nyuzi za 4 na 3 kunafaa kila wimbo unapotua kwenye D.